Jina la zamani kwenye ruta mpya

Ruta iliyokuwa nyumbani kwetu Nkungu iliungua siku ya radi kubwa. Baada ya siku mbili tukanunua nyingine ya mtumba kule Kamembe, tukahamishia ndani sim kadi ileile, taa zikawaka. Kwa sisi wanne tunaopanga pale, shida ilikwisha siku hiyo. Kwa watu wa ukutani ndipo ilipoanza.

Niwaeleze hao watu wa ukutani, maana baadhi ya wasomaji wetu mnakuja na gari asubuhi na kuondoka kabla giza halijaingia, kwa hiyo hamjawaona. Ni vijana ninaofanya nao kazi, ni akina mama, ni majirani ambao hawana pesa ya mega. Jioni wanakaa kwenye ukuta wa nje wa nyumba yetu, pale rezo inapofika vizuri, wanapiga WhatsApp. Hakuna aliyewakaribisha kwa barua. Neno la siri lilitembea tu, mtu kwa mtu, mpaka hatukujua tena nani analo. Rezo yenyewe inaitwa JEUNES 2. Usiniulize JEUNES 1 ilienda wapi.

Jioni ya kwanza ya ruta mpya, mama mmoja alinipa simu yake.

— Mwanangu, angalia. Imekufa?

— Haijakufa, Mama. Inatafuta jina ambalo halipo tena.

Mtoto wake yuko Nakivale, Uganda. Ndiye aliyemwekea rezo kwenye simu kabla ya kuondoka; mama mwenyewe hajawahi kuandika neno la siri. Alikuwa amekaa pale kila jioni tangu siku ya radi, akidhani ni mtoto aliyenyamaza.

Ndani tukabishana. Mwenzetu mmoja alisema: bahati imetuangukia, ruta mpya, neno jipya, sasa mega zitafika mwisho wa mwezi. Sikumwona kama mtu mbaya. Yeye anasoma kwa intaneti, na mara mbili somo lilimkatikia katikati kwa sababu mtu huko nje anaangalia mpira. Mwingine akapendekeza tubandike karatasi mlangoni yenye jina na neno jipya. Nilikataa. Neno la ile ruta lina herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu zimechanganyika. Nani atamwandikia mama yule? Na yule anayekuja Jumamosi tu, je?

Nilichowaambia ni hiki: simu huhifadhi jina la rezo pamoja na neno lake la siri. Ikikuta jina lilelile na neno lilelile, inaingia yenyewe, haijali kama mashine imebadilika. Tena ruta nyingi zinaweza kutoa rezo ya pili, ya wageni, na yetu ilikuwa nayo. Basi sisi wa ndani tuchukue jina jipya, JEUNES 2 iwe ya wageni, tuipunguzie kasi. Sauti itapita, mpira utakwama. Wakakubali, mmoja kwa kununa.

Neno la zamani hakuna aliyelikumbuka. Tulilipata kwenye simu ya kijana mmoja: Android kuanzia ile ya 10, ya mwaka 2019, ukigusa rezo na kuomba kushiriki, inatoa mraba wa vidoti, na kwenye simu nyingi neno lenyewe linaonekana chini yake. Nikaingia ukurasa wa ruta kwa zile namba za kwenye kibandiko, zinazoanza na 192.168. Kwanza nikabadilisha neno la kufungulia ukurasa huo, maana hilo la kiwandani ni rahisi kukisia. Halafu nikaandika jina kama lilivyokuwa: herufi kubwa zote, nafasi moja kabla ya 2. Ukiacha nafasi hiyo, kwa simu hilo ni jina lingine kabisa.

Nikatoka nje kuhesabu. Simu saba zimeingia, tano zimekataa, ya mama ikiwemo. Zote tano ni za zamani. Ruta ilikuwa kwenye ulinzi wa WPA3, uliotoka mwaka 2018, na hizo simu hazikuujua. Nikarudisha WPA2, tatu zikaingia. Mbili bado hata jina hazilioni. Hizo zinasikia wimbi la 2.4 tu, na rezo ya wageni ilikuwa imewashwa kwenye wimbi la 5 peke yake. Nikaiwasha kwenye yote mawili. (Kwenu, kama simu inaingia lakini hakuna kinachofunguka, achaneni na majina, tazameni sim kadi, mega, na APN ya kampuni.)

Simu ya mama ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe wa sauti wa kwanza, mtoto anasalimia. Wa tano, anauliza kama wamemhamishia Mahama. Wa mwisho amekasirika. Mama akausikiliza kila mmoja kwa sauti kubwa, ukuta mzima unasikia, kisha akaniuliza anabonyeza wapi ili ajibu.

Mwenzetu wa masomo akatoka kuuliza kasi ya wageni nimeweka ngapi. Mpaka leo anataka niishushe tena. Mimi nimemwambia tungoje tuone mega za mwezi huu zitafika tarehe ngapi.