Nilimtaja kwa Jina

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uvira, na kwa miaka tisa nilikuwa kiongozi wa kundi la waombezi kanisani kwetu. Haya ninayoandika sikuyasema siku niliyopewa nafasi ya kushuhudia. Nilipewa dakika tano, nikazitumia kumshukuru Mungu kwa kutuokoa na mafuriko, nikakaa. Yaliyobaki niliyameza kwa sababu nilikuwa bado naona haya.

Anayeijua Uvira anajua tulivyobanana. Huku milima ya Mitumba, huku ziwa Tanganyika, na sisi tumelala katikati kama mkanda. Mito inashuka mlimani kwa haraka, Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge, inakata mji na kuingia ziwani. Usiku tunaona taa za Bujumbura ng'ambo. Katika mji wa namna hii habari haihitaji pikipiki. Mtu akikohoa mtaa wa Kavimvira, jioni mtaa wa Kalundu wanajua amekunywa dawa gani.

Kanisa letu ni la Kipentekoste. Wamisionari kutoka Sweden waliileta imani hiyo Uvira mwaka 1921, na bibi zetu wakaipokea pamoja na mikesha yake. Utotoni nimelala chini ya benchi nyingi za kanisa mama yangu akiomba juu yangu. Tuliomba vita ya 1996 ilipotupitia. Tuliomba kiwanda cha sukari cha Kiliba kilipofungwa kwa ajili ya vita hiyo, baba akarudi nyumbani na kofia yake ya kazi tu. Tuliwaombea ndugu waliovuka ziwa kwenda kambini Tanzania. Nililikuta jambo la maombi nyumbani kama nilivyokuta sufuria na jiko, na labda ndiyo maana sikujiuliza mapema ninaomba vipi.

Nilikuwa na sauti. Niseme wazi, nilikuwa na sauti nzuri ya maombi, inayopanda polepole halafu inawaka, na watu waliipenda. Walisema, "Mwalimu ana mzigo." Mtu akiwa na vita moyoni, ndoa imemshinda, imani imempoa, anaota ndoto za kutisha, alinijia mimi. Niliandika kila jambo kwenye kaye, yaani daftari, zile za hesabu zenye miraba: jina, shida, tarehe, na pembeni alama kama Mungu ameshajibu. Kaye ilijaa, nikaanza ya pili. Sikuona kwamba nimekuwa mtu anayejua mambo ya ndani ya nusu ya kanisa, wala sikuona jinsi nilivyofurahia kujua. Tulikuwa tukikutana Ijumaa kabla ya mkesha kugawana "mahitaji", na nusu saa ile, Mungu anisamehe, ilikuwa umbeya uliofunga kilemba.

Mwishoni mwa 2019 alinijia kijana mmoja mpiga gitaa wa kwaya. Ulikuwa mwaka ambao shule ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure, watoto wamejaa darasani hadi madirishani, nami nilikuwa nimechoka. Alingoja mpaka mtoto wa mwisho atoke. Akasema, "Mwalimu, naimba lakini siamini tena ninachoimba. Usiku silali mpaka ninywe kanyanga." Akaangalia mlango. "Uniombee. Lakini ibaki kati yetu wawili."

Nikamwambia ndiyo. Alipotoka nikaandika kwenye kaye.

Ijumaa ile mkesha ulikuwa na moto. Nilianza vizuri, nikisema "wapo kati yetu wanaopigana vita". Watu wakaitikia. Nikaongeza sauti, wakaitikia zaidi. Na pale juu kabisa nikamtaja kwa jina. Nikamwomba Mungu amfungue kifungo cha pombe ya kanyanga na kumrudishia imani aliyoipoteza. Kanisa zima likapiga amina. Yeye alikuwa amekaa pembeni ya ngoma, gitaa begani. Hakulia wala hakukasirika. Alivua mkanda wa gitaa, akalilaza juu ya kiti kama mtu anavyomlaza mtoto, akatoka. Nami nikasema mbele ya wote kwamba adui amekimbia moto.

Kufikia Jumapili wazazi wa binti aliyekuwa amemchumbia walikuwa wamesikia. Kufikia Krismasi alikuwa amehamia Kalundu kwa wavuvi. Kanisani tulisema amerudi nyuma, na katika kaye, mbele ya jina lake, nikaandika "bado". Yeyote aliyenigusia habari hiyo nilimjibu kwamba ukweli unaponya. Wachache walinigusia.

Tarehe 18 Machi 2020 rais Tshisekedi alitangaza makanisa na shule kufungwa kwa sababu ya korona. Nilijiambia sasa nitaomba nyumbani, peke yangu, saa nyingi. Usiku wa kwanza nilipiga magoti kando ya kitanda. Baada ya dakika kumi maneno yakaisha. Nikajaribu kesho yake, yakaisha mapema zaidi. Hakukuwa na amina nyuma yangu ya kunisukuma, na bila amina za watu mdomo wangu ulikuwa mkavu. Ilinichukua karibu mwezi kukubali jambo ambalo mtoto angeliona: kwa miaka tisa nilikuwa nikiongea na watu huku nimefumba macho. Sikumwambia hata mke wangu. Kiongozi wa waombezi anamwambia nani kwamba hawezi kuomba?

Kisha maji yakaja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili mvua ilinyesha milimani kana kwamba mbingu imepasuka, na mto Mulongwe ukatoka njiani mwake. Nilichosikia kwanza ni mawe. Yalikuwa yanagongana ndani ya maji kwa sauti nzito, chini kabisa, mpaka kitanda kinatetemeka. Tulitoka kwa kupanda ukuta wa jirani, mimi na mke wangu na watoto watatu. Bibi wa nyumba ya nyuma hakutoka. Mjini walikufa makumi ya watu, na nyumba zilizobomoka zilikuwa maelfu. Mitambo ya shirika la maji la Regideso nayo iliumia, mabomba yakakauka, watu wakarudi kuchota ziwani na mitoni huku wakijua kipindupindu hakijawahi kutuhama kabisa. Nyumba yetu ilibaki ukuta mmoja. Kaye zangu zote mbili zilikwenda na mto.

Tulilala shuleni, katika darasa langu mwenyewe, familia nne chini ya ubao. Somo la mwisho nililoandika mwezi Machi lilikuwa bado pale, kugawanya kwa tarakimu mbili. Usiku nilikuwa naliangalia. Sikuwa na hasira na Mungu, laiti ningekuwa nayo. Nilikuwa kama simu isiyo na yuniti, inawaka, inaonyesha namba, haipigi. Usiku mmoja nilitembea mpaka ufukoni nikasimama hapo muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye watoto. Kisha nikarudi.

Katika kundi letu alikuwepo mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Alikaa nyuma kila mara, na sikuwahi kuisikia sauti yake. Niliwahi kumwambia, mbele ya wenzake, "Mama, ongeza moto." Alitabasamu tu. Jioni moja huyo mama akaja darasani na ndagala kavu kwenye kipande cha gazeti na kindoo cha maji yaliyochemshwa. Akakaa kwenye benchi ya watoto, mbali kidogo kama korona ilivyotaka, magoti yakimfika karibu na kidevu. Hakuuliza kitu. Wale marafiki wa Ayubu, kabla hawajaharibu, walikaa naye chini siku saba bila neno. Nadhani huyu mama alikuwa ameishia kwenye ukurasa huo.

Sijui ni nini kilinifungua. Nikasema, "Mama, siwezi kuomba. Si leo. Tangu Machi." Nikamweleza na habari ya ufukoni.

Akaniambia, "Basi lala, Mwalimu. Zamu yako nitaishika mimi."

Hakuniwekea mikono wala hakupaza sauti. Alinyamaza kidogo, midomo ikicheza, akachukua kindoo chake akaenda. Alirudi kesho yake, na karibu kila jioni kwa majuma mengi. Siku moja alinituma kwa muuguzi aliyekuwa akiwahudumia waliokimbia maji, kwa sababu nilikuwa silali na mwili unachemka. Nilitaka kukataa, nikiona ni upungufu wa imani. Akanikumbusha habari ambayo Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ameisimulia mara nyingi: akiwa mtoto aliandamana na baba yake, mchungaji, kumwombea mtoto mgonjwa, kisha akamwuliza kwa nini anaomba tu na hatoi dawa. Baba akamwambia yeye si muganga. Mukwege akaamua kwamba baba ataomba na yeye atatoa dawa. "Mimi naomba," mama akasema, "wewe nenda ukapimwe." Nikaenda. Ilikuwa malaria pamoja na mengine.

Lakini kilichonigeuza kilikuwa kitu kingine. Mimi naujua mji huu. Niliisubiri habari yangu inirudie. Kila nilipokwenda kuchota maji niliangalia nyuso za watu: nani ameshajua kwamba Mwalimu hawezi kuomba, nani ameambiwa habari ya ufukoni? Nilisubiri juma, nikasubiri mwezi. Haikurudi. Mwanamke ambaye siku nzima yuko sokoni kati ya midomo mia alikuwa ameipeleka habari yangu kwa Mungu na kuiacha huko. Siku nilipolielewa hilo ndipo nilipomwona yule kijana, gitaa juu ya kiti. Nikalia mbele ya watoto wa watu. Nilikuwa nimepewa bure kile kile nilichomnyima.

Baadaye nilimwuliza yule mama anaombaje. Aliona aibu kidogo. Alisema asubuhi anapopanga ndagala kwa mafungu kwenye sinia, kila fungu analipa jina la mtu. Fungu likinunuliwa anamwambia Mungu, "Huyu ametoka, nenda naye." Usiku wa mbalamwezi kubwa wavuvi hawaingii ziwani, kwa sababu samaki hawafuati taa, na kesho yake hakuna ndagala. "Siku hizo nakaa bure," akasema, "basi naomba zaidi." Nikamwuliza amekuwa akiniombea tangu lini. Akasema tangu mkesha ule.

Usiku huo nilikumbuka kisa cha Petro, nilichokihubiri mara nyingi bila kukisikia. Bwana alimwambia amemwombea, na hakuomba asipepetwe. Aliomba imani isimwishie. Anguko lilikuwa mbele, na maombi yalikuwa yameshatangulia.

Mwezi wa saba nilikwenda Kalundu kwa miguu. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, limekula ufuko. Nilimkuta yule kijana anashona wavu juu ya jiwe. Nilikuwa nimeandaa hotuba, mwalimu ni mwalimu, lakini nilichosema ni "Nisamehe."

Hakuinua macho. "Ulinitaja, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Mama yangu aliyasikia sokoni, anapima unga."

Sikuwa na jibu. Akaendelea kushona, kisha akasema nisimwombee tena. Nikamwambia jina lake halitatoka mdomoni mwangu mbele ya mtu yeyote. Sikumwahidi kunyamaza mbele za Mungu, na nadhani alilitambua hilo. Nilirudi mara ya pili, hakuongea. Mara ya tatu alinipa upande mmoja wa wavu nimshikie.

Makanisa yalifunguliwa tarehe 15 Agosti. Nilimwendea mchungaji nikamweleza yote na kuomba niachie uongozi. Sasa naketi nyuma, benchi moja na mama wa ndagala, na bado sauti yangu inanitamanisha. Zipo Ijumaa ninapoisikia ikipanda kooni nikaikunja. Kaye sikununua tena. Maneno ya maombi yalirudi taratibu, machache, baadhi ya siku hayaji kabisa, na siku hizo namwambia mama, naye anashika zamu. Siku nyingine ananiomba mimi nimshikie. Sikujua kwamba hata yeye ana siku hizo.

Kijana hajarudi kwenye kwaya. Mwaka uliofuata aliniambia ameacha kanyanga, na sikumwuliza aliachaje. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi na watu wengi wa Uvira wakaanza kuvuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi, nasi tulikuwa katika msongamano ule, godoro kichwani. Usiku simu ililia. Ilikuwa namba yake, na nyuma yake nilisikia maji yanagonga mtumbwi. Aliuliza kama watoto wamevuka. Nikasema wamevuka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekutaja leo, Mwalimu. Huku ziwani, niko peke yangu."

Ndugu unayesoma, kama maneno yamekuishia, mtafute mtu mmoja anayejua kufunga mdomo, umwambie ashike zamu yako, kisha ulale. Na kama wewe ndiye mwenye kaye, nakuomba uipitie jina kwa jina, uone nani unapaswa kumfuata hadi Kalundu.