Kompyuta za Madrasa ni Amana: Ubishi Wetu Juu ya Linux



Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzetu na wazazi wetu, sisi vijana tunaotunza chumba cha kompyuta huulizwa maswali yaleyale kila mwaka. Kwa nini kompyuta za madrasa hazifanani na zile za steshenari za hapa Shinyanga mjini? Kwa nini hatuweki Windows kama watu wengine? Na mbona sisi wenyewe hatuishi kubishana? Mwaka huu tumeona tujibu kwa maandishi.

Tuanze na Windows. Kompyuta zetu ni za mitumba, na Windows ya halali ina bei yake. Njia ya mkato kila fundi anaijua: kuweka nakala iliyovunjwa kufuli. Njia hiyo tuliikataa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 lilipitisha kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa na sheria ya dini, na haijuzu kuzivamia. Hatuwezi kumfundisha mtoto Qur'ani kwenye chumba kimoja, kisha chumba cha pili tukamzoesha kutumia mali ya mtu bila idhini. Linux ilitutoa kwenye dhiki hiyo, kwani waliyoiandika wameruhusu inakiliwe, igawiwe na hata ibadilishwe.

Linux yenyewe ni kiini tu, alichoanza kukiandika mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Juu ya kiini hicho vikundi mbalimbali hujenga mfumo kamili wenye programu za kuandikia, kuchorea na kusomea. Kila mkusanyiko wa namna hiyo huitwa distro. Ni kama dhahabu ya Geita: dhahabu ni ileile, lakini sonara huyu hufua pete na yule hufua mkufu. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi mwaka 2011 aliyeomba aliletewa CD yake bure kwa posta. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Basi asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya wageni peke yao.

Ubishi wetu ulianzia kwenye kuchagua. Mmoja alitaka Ubuntu kwa sababu ni nyepesi kujifunza. Wa pili alitaka Debian kwa utulivu wake. Wa tatu alitaka Fedora, kwa kuwa hupata vitu vipya mapema. Wa nne akatunyamazisha wote: ipo distro ya Waislamu! Alisema kweli. Mwaka 2007 ilitoka Ubuntu Muslim Edition, baadaye ikaitwa Sabily, ikiwa na programu ya nyakati za swala na ya kusomea Qur'ani. Lakini toleo lake la mwisho ni la mwaka 2011. Mfumo usioletewa tena marekebisho ya usalama ni kama mlango ambao funguo zake zimeshasambaa mtaani na mwenye nyumba habadilishi kitasa. Jina zuri halikutosha. Programu za Qur'ani na za nyakati za swala zinapatikana kwenye distro nyingine pia.

Tukakubaliana kupima kwa maswali matatu. Itahudumiwa mpaka lini? Mashine zetu zinaiweza? Na mmoja wetu akiondoka, atakayebaki ataweza kuitunza?

Kwa swali la kwanza Fedora ilianguka. Kila toleo lake huhudumiwa takriban miezi 13, na sisi hatuna bando la kushusha mfumo mpya kila mwaka. Ubuntu ya LTS hutoka kila baada ya miaka miwili na huhudumiwa miaka 5. Debian nayo, ukijumlisha huduma yake ya nyongeza, hufika kama miaka 5.

Kwa swali la pili, kompyuta zetu tatu kuukuu zina prosesa za biti 32. Ubuntu iliacha mwaka 2017 kutoa diski zake za kawaida kwa mashine hizo. Debian iliendelea nazo hadi toleo la 12, la Juni 2023. Toleo la 13, la Agosti 2025, halina tena diski ya kuziwekea mfumo. Debian ikashinda. Zile tatu zimebaki na toleo la 12 kwa mazoezi ya kuchapa, na hatuziungi kwenye intaneti. Nyingine tumezipandisha toleo la 13.

Kupandisha toleo kuna karaha zake. Bando lilikuwa likiisha kwa kompyuta kumi kushusha kitu kilekile mara kumi. Sasa moja tumeifanya ghala: inashusha mara moja, zilizobaki zinachota kwake. Kuna vumbi la kiangazi linaloziba feni. Kuna umeme. Kompyuta yenye majina ya wanafunzi, ada na juzuu ambazo kila mmoja amehifadhi ilizimika katikati ya kazi, ikaamkia kwenye kioo cheusi chenye maandishi tu. Tukaipa amri hii: sudo dpkg --configure -a. Kazi yake ni kumalizia programu zilizoachwa nusu. Ikamalizia, alhamdulillah. Hata isingemalizia, kumbukumbu zilikuwa salama kwenye flashi mbili, moja kwetu na moja kwa mudiri.

Lakini swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwenzetu aliyeanzisha chumba hiki alipata kazi machimboni upande wa Geita. Neno la siri la msimamizi alilijua yeye peke yake, na akiwa zamu simu yake haipatikani. Tulikaa siku tatu bila kuweza kuandikisha mwanafunzi mpya. Hakuwa na nia mbaya, riziki ilimwita. Nasi pia itatuita, mmoja kwenda Kahama, mwingine Mwanza au Katoro.

Ndiyo maana sasa lipo daftari. Kila tunapobadilisha kitu tunaandika tarehe, nani kafanya, nini kiliharibika na kilitengenezwaje. Neno la siri limo kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini kwa mudiri. Elimu ya dini imetufikia kwa kupokezana, mwalimu kwa mwanafunzi. Hii nayo haina njia nyingine, na distro iliyo bora ni ile ambayo aliyebaki anaweza kuitunza.

Wanafunzi wenzetu, tunahitaji wawili wavulana na wawili wasichana wa kupokea kazi hii. Wazazi, tunaomba muwaruhusu. Tunakutana Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Njooni na kalamu, daftari tunalo.

Wabillahi tawfiq.