Staa afuta picha yake ya Jiwe la Malameni, meneja aja juu

Wikiendi iliyopita msanii mmoja wa kike, yule wa nywele za dhahabu, alipanda Mbaga na marafiki zake watano. Kutoka Same mjini barabara inapanda milima ya Upare kona kwa kona, na baridi ya kule juu acha kabisa!

Mzee mmoja mwenyeji anayetembeza wageni aliwaanzishia mapango ya Mghimbi. Humo, miaka ya 1860, Wapare walijificha na familia zao wakiwakimbia wakamata watumwa. Mdada akarekodi kidogo, akatoka.

Balaa lilikuwa Malameni. Jiwe kubwa, picha zinatoka kali, akapanda, akapozi, akaposti kabla mzee hajafungua mdomo.

"Mwanangu, shuka kwanza."

Akashuka. Mzee akasimulia taratibu: hapo, hadi miaka ya 1930, watoto walitolewa kafara kutuliza pepo wabaya. Watoto! Yule rafiki aliyekuwa anacheka sana akavua kofia.

Meneja kwenye simu akakomaa picha ibaki. Ilikuwa ya tangazo la nguo, na advansi ilishaliwa kitambo. Mdada akaifuta hapohapo.

"Nisamehe, baba," akamwambia mzee.

Kuna wanaosema eti ni kiki. Nani anatafuta kiki kwa kufuta picha yenye laiki zote zile? Wenye nguo wanataka hela yao mpaka leo. Jioni aliposti video moja tu, kwa ruhusa ya mzee: mzee mwenyewe anasimulia, yeye hata sura haionekani.