Mguu wa Kushoto

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Mzee mmoja wa Kinangop alipoanza kutaabika na klachi ya pikapu yake, jamaa zake waliyaona mawingu ya uzee. Pikapu hiyo, Peugeot 504, ilikuwa ya ukoo ule ule wa magari yaliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na wa 1978. Kwa miaka mingi ilikuwa imebeba viazi hadi Naivasha, na kwa viazi hivyo watoto watano wakasomeshwa. Sasa pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Mzee alishuka garini akilishika goti la kushoto, akakiri kwa unyonge kwamba mguu umemwishia nguvu. Wanawe wakaafikiana: gari liuzwe, baba apumzike.

Fundi wa kwanza alitaka kushusha giaboksi na kubadilisha klachi nzima, kwa gharama iliyozidi mavuno ya msimu. Mjukuu wa mzee, aliyekuwa likizoni kutoka chuoni, aliomba siku moja tu.

"Babu," akasema, "kabla ya kuuhukumu mguu, tuiulize pedali."

Alianza juu. Alikitenganisha kijiti kinachoisukuma silinda kuu, akaibonyeza pedali. Ikaenda na kurudi bila kinyongo. Basi kutu haikuwa kwenye egemeo lake. Akakirudisha kijiti, akaingia chini ya gari na kuilegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Lau ugumu ungetoka kwenye springi ya klachi au beringi, pedali ingelainika papo hapo, kwa kuwa mafuta yangepata njia ya kutokea. Babu alipokanyaga, pedali ilibaki ngumu, na mafuta yakadondoka tone moja moja. Kizuizi kilikuwa njiani. Akalifungua bomba la chuma pale linapokutana na mpira. Mafuta yakaruka, pedali ikazama. Mpira ndio ulioziba: kwa nje mzima, kwa ndani umevimba ukabakiza tundu la sindano. Ndiyo sababu klachi pia ilichelewa kushika kila mguu ulipoinuliwa, ishara ambayo hakuna aliyeijali.

Mpira mpya na chupa ya mafuta ya breki vilinunuliwa. Hewa ikatolewa hadi mapovu yakakoma. Mzee akapanda, akakanyaga, akanyamaza. Akakanyaga tena. Kisha akacheka, akamwambia mjukuu, "Miezi minne nimeutukana mguu huu bure."

Goti lake bado humuuma asubuhi za baridi, maana uzee nao upo na haukwepeki. Hata hivyo, si kila kinachokwama mkononi mwa mzee ni uzee. Gari halikuuzwa. Jumatatu iliyofuata liliteremka kuelekea Naivasha na magunia yake, na aliyelishika usukani alikuwa mwenyewe.