Meno ya Utotoni Nayo ni Amana

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, muda mfupi kabla ya daku, nilipomsikia kitindamimba wangu akilia kilio nisichokizoea. Niliwasha taa nikaona shavu lake limevimba, naye amelikumbatia kwa viganja viwili. Alikuwa na umri wa miaka 4. Usiku ule daku sikuila. Nilikunywa maji tu nikatia nia.

Daktari wa meno alimtazama kinywani kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, mtoto hulala na chupa?" Niliona haya kujibu. Tangu alipoacha kunyonya, mwanangu alilala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari. Meno yake ya mbele yalikuwa yameanza kuliwa, na gego moja limeoza hadi mzizini. Baada ya siku chache za dawa ikabidi ling'olewe. Aling'ang'ania buibui langu akauliza, "Mama, nimekosa nini?" Alidhani anaadhibiwa. Swali lile sijalisahau mpaka leo, kwani mwenye kukosa hakuwa yeye.

Kama wengi wetu, nilikuwa nikijiambia kwamba meno ya utotoni yatang'oka tu, basi ya nini kuyahangaikia? Kumbe meno hayo 20 yana kazi kubwa. Huyashikia nafasi meno ya ukubwani, na baadhi ya magego hukaa hadi mtoto afikishe miaka 10 au 12. Hata chuoni yanahitajika: mtoto atazitoaje thaa na dhali sawasawa ilhali ncha ya ulimi yapaswa kugusa meno ya mbele? Usiku nao mate hupungua, na sukari iliyobaki kinywani hugeuzwa na vijidudu kuwa asidi inayolila jino mpaka alfajiri.

Lililoniwia zito zaidi ni kwamba chupa ile ilitengenezwa na mavyaa wangu kila usiku, kwa mapenzi. Ningemwambiaje mama aliyenilelea wanangu kwamba mapenzi yake yamemdhuru mjukuu? Nilingoja tuliporudi kutoka tarawehe, nikamwambia, "Mama, daktari amenifunza jambo, nami nataka unisaidie." Alinisikiliza hadi mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mimi nikidhani namshibisha," akasema.

Usiku uliofuata alichukua mswaki wake wa mti, akamketisha mjukuu jamvini na mswaki wake mdogo wa brashi laini, akamwambia, "Haya bwana, mimi na wewe." Chupa ikatiwa maji matupu. Mtoto alilia siku tatu, kisha akaisahau.

Haya ndiyo niliyojifunza, nami nawapa kina mama wenzangu. Anza kusafisha jino la kwanza linapochomoza, aghalabu karibu na miezi 6. Tumia dawa ya meno yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Piga mswaki mara 2 kwa siku. Wa mwisho uwe kabla ya kulala, na baada yake mtoto asipewe ila maji. Mshike mkono mwenyewe hadi afikie miaka 7 hivi, kwani vidole vyake bado havijapata ustadi. Mabuyu na kashata hatukatazani, lakini ni afadhali viliwe mara moja pamoja na chakula kuliko kumung'unywa kutwa nzima. Na uinue mdomo wake wa juu mara kwa mara: ukiona madoa meupe karibu na ufizi, mpeleke kwa daktari kabla hajalia.

Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza mswaki mno, nasi twautumia kwa ajili ya sala zetu. Mimi niliusahau kwa mtoto aliyekuwa hajaanza kusali.

Sasa ana miaka 5. Akicheka sana, pengo lile naliona. Lakini kila usiku baada ya Isha nawasikia yeye na bibi yake wakibishana nani aanze, na hilo hunifariji.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana alizotupa. Amin.