Pengo Katika Bonde la South Fork

Katika milima ya jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, msafiri huoneshwa kitu ambacho hakipo. Husimama juu ya tuta la udongo lililoota nyasi, akaona ng'ambo yake tuta la pili linalolingana nalo, na baina ya hayo mawili pengo kubwa ambamo hupita kijito na njia ya reli. Hapo ndipo lilipokuwa bwawa la South Fork, lenye kimo cha mita 22, na nyuma yake ziwa lenye urefu upatao kilomita 3. Jumba la klabu lililojengwa ufukoni lingali limesimama katika kijiji cha Saint Michael. Maji ndiyo yaliyoondoka.

Serikali ya jimbo ndiyo iliyolijenga bwawa hilo, likakamilika mwaka 1853, ili kuupatia maji mfereji wa kupitishia mashua. Reli ilipoufanya mfereji huo usiwe na kazi, bwawa liliuzwa kwa kampuni ya reli, kisha mwaka 1875 likauzwa kwa John Reilly. Bwana huyo aliyang'oa mabomba ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta akayauza kama chuma chakavu. Tangu siku ile hapakuwa na njia ya kupunguza maji kwa hiari ya mtu.

Mnunuzi aliyefuata, mwaka 1879, alikuwa Benjamin Ruff, kwa niaba ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh, miongoni mwao Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Hao walitaka mahali pa kupumzikia wakati wa joto. Kilele cha tuta kikapunguzwa ili magari ya farasi yapishane, na penye mlango wa maji ya ziada ukawekwa wavu wa chuma, samaki wasitoroke. Mabomba hayakurudishwa.

Kilomita 23 bondeni ulikuwapo mji wa Johnstown, wenye viwanda vya chuma. Mwaka 1880 Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda kikubwa cha mji huo, alimtuma mhandisi wake alikague bwawa. Mhandisi aliona maji yanavuja, na akaona kwamba mabomba hayapo. Morrell akajitolea hata kuchangia gharama za matengenezo. Ruff alijibu kwamba hapana hatari yoyote. Basi Morrell alinunua uanachama wa klabu, pengine apate kuliangalia jambo hilo kwa karibu. Lakini yeye na Ruff wote wawili walikwisha fariki kabla ya siku yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Mei 31, 1889. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha, na takataka zikauziba ule wavu. Vibarua wa klabu walichimba mfereji mwingine na kurundika udongo juu ya tuta, wasifanikiwe. Tuta la udongo huweza kustahimili uzito wa maji miaka mingi, lakini maji yakipita juu yake huumega mgongo wake kidogo kidogo, na halina tena nguvu ya kujizuia. Saa 9 alasiri ilipopita kidogo, bwawa likakatika. Onyo lilipelekwa kwa telegrafu, ila watu wa bondeni walikuwa wamezoea maonyo ya kila masika.

Katika muda usiotimia saa moja maji yalifika Johnstown. Waliokufa walikuwa 2,209, na familia 99 hazikubakiza hata mtu mmoja. Askari wa akiba wa jimbo, chini ya Jenerali Daniel Hastings, walipelekwa kulinda amani.

Walionusurika walikwenda mahakamani. Huko wakakuta kwamba mwenye bwawa ni klabu, na klabu haikuwa na mali ya maana isipokuwa jumba na ziwa lililokauka. Utajiri ulikuwa wa wanachama, na wao hawakuhukumiwa kulipa chochote. Carnegie alitoa fedha, mji ukajengewa maktaba.

Katika makaburi ya Grandview, juu ya mji, yamepangwa mawe meupe 777 yasiyo na majina.