Tulimtuhumu Kijana wa Watu, Kumbe Tatizo ni Waya



Leo hatuzungumzii hina wala biriani. Leo tunazungumzia stata ya bajaji. Usituache kwanza, shoga. Hii stata nusura itufanye tumdhulumu mtu, na bibi harusi mmoja alitoa idhini ya ndoa yake akiwa amejifunga kanga kwa sababu yake. Soma mpaka mwisho, kisha ukacheki betri ya nyumbani kwako.

Sie ni mawifi wawili tunaoishi Tunduma, mkoa wa Songwe. Mmoja wetu kazaliwa Unguja, akaolewa huku. Mwengine ni mwenyeji wa Mbozi, dada wa mume. Biashara yetu ni moja: tunapika chakula cha shughuli na kushona nguo za mabibi harusi. Mtu akitoka visiwani, Tunduma humshangaza. Malori ya kwenda Zambia hupanga foleni barabarani, ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, na mwezi wa Julai baridi ya asubuhi inakufanya uoge kwa kuhesabu. Kuna kata inaitwa Mpemba, kwenye njia panda ya kwenda Ileje. Mwenzetu wa Unguja alipofika mara ya kwanza aliwaulizia hao Wapemba wenyewe, akachekwa mpaka akanuna.

Kazi zetu zinategemea bajaji moja. Inaendeshwa na kijana wa jirani, mtoto wa mjane, na sehemu ya kipato chake ndiyo inayolisha wadogo zake. Mwezi wa Mei tuliipeleka ikachomelewe keria ya nyuma ya kubebea masufuria, na tukasema sharti ipakwe rangi mpya, kijani na maziwa, ipendeze mbele ya nyumba za harusi. Ikarudi inang'aa.

Mwezi wa Juni ikaanza kukataa kuwaka. Ukibonyeza kitufe, siku nyengine inawaka, siku nyengine inalia "tak" moja tu na kunyamaza. Ikisukumwa inawaka vizuri. Tukaambiwa kaboni za stata zimekwisha, tukabadilisha. Wiki moja, "tak". Tukaambiwa betri imechoka, tukanunua mpya kwa shilingi 85,000. Siku nne, "tak".

Hapo ndipo shetani alipotukalia katikati. Betri mpya ya siku nne inakufaje? Mmoja wetu akasema, "Isije ikawa yule kijana ameiuza yetu akatuwekea kuukuu." Mwengine hakukataa. Kesho yake kijana akatwambia, "Mama zangu, ule waya mweusi nimeushika pale ulipofungwa, unapata moto." Sie tukaona anajitetea. Tukamjibu kwa mkato, na usiku ule tukakubaliana kwamba harusi ya Jumamosi ikipita tunamnyang'anya ufunguo.

Jumamosi yenyewe tulikuwa na masufuria mawili ya pilau na sanduku la nguo za bibi harusi, vyote vya kupeleka Mpemba. Akdi ilikuwa baada ya Adhuhuri. Saa nne asubuhi tukapakia, kijana akabonyeza. "Tak." Akabonyeza tena. "Tak." Kusukuma kwenye kilima kile, na pilau la moto nyuma, haiwezekani. Mpaka tupate bajaji ya kukodi, tuhamishe masufuria, tupenye kwenye malori, wanaume walikwishakaa. Wali alipokwenda kumuuliza bibi harusi ridhaa yake, alikuwa na kanga na macho mekundu. Aliridhia, alhamdulillah, na ndoa ikasihi. Lakini ile sura yake hatujaisahau. Nguo tulimvisha watu wakiwa wanakula.

Jioni tukampigia mzee mmoja fundi umeme wa magari. Alikuja na mita ndogo ya kupimia umeme na kipande cha msasa mfukoni. Tukamwambia moja kwa moja, "Betri hii si yetu, imebadilishwa." Akatutazama, akasema, "Mmepima?" Tukanyamaza. Akatupa mita mkononi.

Haya aliyotufundisha jioni ile tunayaandika kwa mpangilio, kwani yanafaa kwa bajaji, pikipiki yenye selfu na hata gari.

Kwanza, vua dhahabu. Bangili na pete zote. Bangili ikigusa kichwa cha chanya cha betri na bodi kwa pamoja, umeme wote unapita humo, na chuma kinaweza kukuunguza hadi kwenye nyama. Kunja mikono ya baibui, ncha za mtandio zifunge nyuma. Hakikisha gia iko huru.

Pili, sikiliza. Kila sauti ina maana yake. Kimya kabisa: tazama fyuzi, kitufe, swichi ya ufunguo, au waya uliochomoka. "Tak-tak-tak" ya haraka haraka: mara nyingi betri haina nguvu, au vichwa vyake vimelegea. Stata inazunguka peke yake kwa mlio wa "viii" na injini haitikisiki: gia ndogo ya stata haishiki. Injini inazunguka kwa uzito kama mtu aliyeamshwa usingizini: betri dhaifu, waya mbovu, au baridi imeifanya oili kuwa nzito. "Tak" moja na kimya, kama yetu: rilei imeitika, lakini umeme mkubwa haufiki kwenye stata, au stata yenyewe imekwama.

Tatu, pima betri ikiwa imepumzika. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12 kamili, imekaribia kuisha. Yetu ilisoma 12.6. Mzee akatuuliza, "Mna risiti?" Tulikuwa nayo. Namba ya kwenye risiti na namba iliyogongwa ubavuni mwa betri zilikuwa ni moja. Ilikuwa betri yetu wenyewe, tuliyoinunua kwa mikono yetu. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu akajifanya anatafuta kitambaa.

Nne, tazama betri wakati wa kubonyeza. Mmoja anabonyeza, mwengine anasoma mita. Betri dhaifu huporomoka chini ya volti 10, pengine hata 9. Yetu ilishuka kidogo tu ikabaki juu ya 11. Maana yake betri ina nguvu ya kutoa, ila kuna kitu njiani kinaizuia.

Tano, mtafute anayezuia. Umeme hutoka kwenye chanya, ukapita rilei, ukaingia kwenye stata, kisha lazima urudi kwenye hasi kupitia bodi ya injini, chasi na ule waya mweusi ambao mafundi huuita waya wa ethi. Watu hukagua njia ya kwendea wakaisahau ya kurudia. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyengine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako abonyeze. Njia ikiwa safi, mita haitakiwi kufika hata nusu volti. Yetu ilisoma volti 3 na ushei. Umeme wa stata ulikuwa unaishia hapo.

Mzee akaufuata waya mweusi kwa kidole mpaka chini, pale unapofungwa kwenye chasi. Akafungua bolti. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi nzito, nzuri, inang'aa. Kijani.

Ile rangi yetu. Waya ulifunguliwa wakati wa kuchomelea, chasi ikapakwa rangi, kisha waya ukafungwa juu yake. Rangi haipitishi umeme. Kilichokuwa kinapita ni kile kidogo kilichopenya kwenye mikunjo ya bolti, kinatosha kuwasha taa na kupiga honi, hakitoshi kuzungusha stata. Na umeme mwingi ukilazimishwa kupita mahali pembamba, pale pahala panapata moto. Ndivyo alivyotwambia kijana, na sie tukamwona mwongo.

Dawa yake ilichukua dakika kumi. Alifungua hasi ya betri kwanza, na hiyo ndiyo kanuni: hasi hufunguliwa kwanza, hufungwa mwisho. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akasafisha kichwa cha waya, akakaza bolti, akapaka grisi juu ili kutu isirudi. Vichwa vya betri vilikuwa na ule unga mweupe, tukavisugua kwa magadi ya kuokea yaliyokorogwa kwenye maji ya vuguvugu, yale yale ya jikoni, tukakausha. Tukabonyeza. Ikawaka mara moja. Tukapima tena betri injini ikiunguruma: volti 14, yaani inachajiwa sawasawa.

Akatuachia na wasia mmoja. Usikandamize kitufe zaidi ya sekunde 5. Ikikataa, achia, ipumzike kama dakika moja, ujaribu tena. Stata hula umeme mwingi na hupata moto haraka. Wengi huiua wenyewe kwa hasira.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wanaume. Stata ya umeme iliingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Kabla yake gari ilizungushwa kwa chuma kwa mbele, na chuma kile kiliweza kurudi kwa nguvu kikamvunja mtu mkono. Kitufe ndicho kilichowarahisishia wanawake wengi kuendesha wenyewe. Basi si ajabu tukikijua kinavyofanya kazi.

Lakini waya ulikuwa mwepesi. Kazi nzito ilikuwa kwa yule kijana. Tungeweza kunyamaza, maana yeye hakujua tulichokuwa tumepanga. Mmoja wetu alitaka tunyamaze. Mwengine akasema, je, akija kusikia kwa watu? Na hata asiposikia, Mola wetu amesikia. Surat Al-Hujurat tunaisoma tangu chuoni, inatuamrisha kuhakikisha habari na inatukataza dhana, nasi tulihukumu kwa sauti ya "tak".

Tukamwita Jumapili asubuhi, mbele ya mama yake, kwani heshima yake ni heshima ya nyumba ile. Tukasema kila kitu na tukamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, akichezea ufunguo. Kisha akasema, "Mngeniuliza tu, mama." Mama yake alifuta macho kwa upindo wa kanga, akatuletea chai. Hatukunywa kwa raha.

Kijana bado yuko nasi. Sasa akisema kitu kuhusu bajaji, tunainama kutazama kabla ya kujibu. Mita tumenunua yetu, inakaa droo moja na mkasi na futi ya kushonea.

Bibi harusi unayesoma hapa, utaingia kwenye nyumba yenye vitu vinavyoharibika na watu wanaochelewa. Siku kitu kitakapokataa kuwaka, vua bangili, pima kwanza, na usikilize aliyekwambia mapema. Kisha ndiyo useme.

Tunawapenda kwa ajili ya Allah. Wassalaam.